Alhamisi tumbo linauma: Mtoto anayeukimbia mpira

Kwa wiki tano mfululizo tumbo la mtoto huyo liliuma siku moja tu ya wiki. Jumatano usiku alikula ugali akaongeza. Alhamisi alfajiri alijikunja kitandani. Mama yake, fundi cherehani wa Tabata, Dar es Salaam, wiki ya kwanza alimchemshia tangawizi. Wiki ya pili alimpeleka zahanati, akaambiwa hakuna minyoo wala kitu kingine. Wiki ya tatu akaanza kuhesabu siku, ndipo alipokumbuka kwamba Alhamisi darasa la tatu lina kipindi cha michezo.

Hakumgombeza. Alimuuliza usiku, akiwa anamchomekea chandarua, na mtoto akasema kwa sauti ya chini kwamba shuleni wanamwita Uchochoro. Timu zikipangwa huchukuliwa wa mwisho, tena kwa mabishano ya nani abaki naye. Uwanjani huwekwa mahali ambapo mpira haufiki. Ukifika, hufumba macho.

"Mimi siwezi, mama," alisema. "Michezo ina watu wake."

Ana miaka minane.

Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha mama usingizi, na hakukosea kuyaogopa kuliko maumivu ya tumbo. Mwaka 1980 Vern Seefeldt wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alieleza kwamba kuna kizuizi kinachojengeka utotoni. Mtoto asiyepata stadi za msingi, yaani kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, kupiga teke, hukwama pale anapotakiwa kuzitumia katika mchezo wenyewe. Asiyejua hachezi. Asiyecheza hapati nafasi ya kujua. Miaka inapita, na mtu mzima anayepandisha ngazi akihema anasema tangu utoto hakuwa mtu wa michezo, kana kwamba alizaliwa na cheti.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hasa, mapigo ya moyo yakapanda. Ushauri mzuri. Lakini mtoto anayeona aibu kukimbia mbele ya wenzake dakika hizo atazitoa wapi?

Baba wa mtoto huyo, dereva wa bajaji ambaye ujanani alikuwa beki wa timu ya kata, alipoelezwa alilivalia njuga. Kila jioni kabla ya giza alisimama uani, hatua sita kutoka kwa mwanawe, akamrushia mpira wa tenisi. Mahali palepale, urefu uleule, kasi ileile, mara mia. "Kunja viwiko! Vidole, fungua vidole! Usifumbe macho! Miguu, wewe, miguu!" Majirani waliokuwa wakichota maji walisimama kutazama. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa akidaka mara nane kati ya kumi, na baba akatangaza kazi imekwisha.

Alhamisi iliyofuata mtoto alikwenda shule bila kulalamika. Mpira wa kwanza ulimjia kutoka ubavuni, mkubwa kuliko aliouzoea, ukadunda mara moja mbele yake. Ukampita. Wa pili ukampiga bega.

"Nyumbani anadaka, shuleni anadondosha," baba alisema jioni, kwa hasira ya mtu aliyejitolea. "Huo ni woga tu."

Haukuwa woga tu. Baba alikuwa amemfundisha mwanawe kudaka mpira mmoja. Mia kwa siku, lakini uleule mmoja.

Jambo hili limechunguzwa kwa watoto wa umri huohuo. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth waliwagawa watoto wa miaka minane katika makundi mawili ya kurusha vifuko vidogo kwenye alama ya sakafuni. Kundi moja lilifanya mazoezi kutoka umbali wa futi 3 peke yake. Jingine halikurusha kutoka futi 3 hata mara moja. Lilirusha mara kutoka futi 2, mara futi 4. Siku ya kupimwa wote walirusha kutoka futi 3. Waliolenga vizuri zaidi ni wale ambao katika mazoezi hawakuwahi kusimama hapo.

Ukisoma mara ya kwanza unadhani kuna makosa ya uchapaji. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1975, Richard Schmidt alikuwa ametoa nadharia inayosaidia kulielewa. Kwa maelezo yake, ubongo hauweki picha ya kila mrusho kama albamu ya harusi. Unajijengea kanuni: nguvu kiasi hiki hupeleka kitu umbali ule, mpira ukija hivi mkono utangulie vile. Kanuni haijengeki kwa mfano mmoja. Anayepika wali wa kilo moja kila siku ya Mungu hajui maji ya kilo tano. Aliyepika nusu, mbili na tatu atayakisia, na wali hautakuwa bokoboko.

Mama aliomba ruhusa kwa wateja wake nusu siku akaenda shuleni. Mwalimu wa michezo ni mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu. Nimeshajua uliyemfuatia."

Kabla ya jambo lingine mwalimu aliuliza maswali mawili, na kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii angefaa kujiuliza. La kwanza: anaona vizuri? Mtoto asiyeona ubao hatauona mpira, na wapo watoto waliopigwa makofi kwa uzembe ambao dawa yake ilikuwa miwani. La pili: nyumbani vipi? Anafunga vifungo vya shati? Anakula bila kumwaga? Anafunga kamba za viatu, mwandiko unasomeka? Kuna watoto ambao shida yao ya kuratibu mwendo ni kubwa hadi inagusa maisha ya kila siku. Makadirio ya wataalamu ni kama asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa umri wa shule ya msingi. Hao si wazembe wala si wagonjwa wa akili. Wanahitaji kuonwa na daktari na mtaalamu wa tiba, na mazoezi ya uani peke yake hayatawatosha.

Macho yalishapimwa, ni mazima. Vifungo anafunga. Sindano ya mama yake anaitunga uzi kwa mara ya kwanza.

"Basi mtoto wako si mzito, mama," mwalimu alisema. "Hajafundishwa tu. Hata mimi sijamfundisha. Ninao sabini na wanne, na mipira miwili."

Alieleza bila kujitetea. Ukiwapa mpira wa miguu, ishirini na wawili wanaingia uwanjani, hamsini na wawili wanashangilia. Kati ya hao ishirini na wawili, wanaougusa mpira ni sita au saba, walewale wanaojua tayari. Kengele inalia, na daftari la mwalimu linaonyesha kipindi kimefundishwa.

Ni haki kusema kwamba wazazi wengi wangeshangaa kusikia kudaka kunafundishwa. Kusoma kunafundishwa, hesabu zinafundishwa, lakini mwili, inadhaniwa, unajijua wenyewe. Wazee wa ukanda huu hawakuamini hivyo. Mama anayemshika mtoto kwapani na kumwimbia asimame dede, kisha akamwachia aende tata hatua mbili mpaka magotini kwa shangazi, ni mwalimu wa viungo kazini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Kizungu waliowapima watoto wachanga wa Kampala waliandika kwamba watoto hao wametangulia wenzao wa Ulaya kimwili, na wengine wakadhani siri ni ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha alichokiona Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Kina mama wa huko walikuwa wakifundisha kwa makusudi: mtoto aliketishwa akiwa ameegemezwa kwa nguo au katika kishimo kidogo kilichomshikilia kiuno, na baadaye aliongozwa kutembea. Watoto hao waliketi na kutembea mapema, karibu mwezi mzima, kuliko vipimo vya Marekani. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyejishughulisha kuwafundisha, hawakutangulia. Yaani walitangulia katika yale waliyofundishwa.

Ajabu ni kwamba tukishamaliza dede na tata, tunaacha. Mtoto akitembea, watu wazima wanarudi kwenye shughuli zao, na kurusha na kudaka tunaviachia vije kama mvua.

Mwalimu alimwomba mama kitu kimoja ambacho shule haikuwa na fungu lake: mabaki ya vitambaa. Kwa fundi cherehani hilo si ombi, ni nafuu. Magunia mawili ya vipande yalikuwa yakimzibia mlango. Kwa juma moja alishona mipira arobaini, mingine kama ndimu, mingine kama nazi, ikiwa imejazwa vipande laini. Akaongeza jambo ambalo hata mwalimu hakulifikiria: vipande vya shifoni.

Shifoni ikirushwa juu haishuki kama mpira. Inaelea, inazunguka, inampa mtoto muda wa kuitazama, kuinua mikono, kubadili mawazo na kuifuata. Hapo ndipo mtoto wake alipoanzia, chumbani, baina ya kitanda na kabati. Hakuna kinachompiga usoni. Na ikumbukwe kwamba kufumba macho si ujinga. Mtoto aliyewahi kupigwa pua na mpira wa ngozi anafanya kitu cha busara kabisa. Macho hayafunguliwi kwa amri. Yanafunguka pale kinachokuja kikikoma kuwa hatari.

Baada ya shifoni ukaja mpira laini mkubwa, kisha laini mdogo. Mama aliandika kila mpira herufi kwa maka peni, na kazi ya mtoto haikuwa kudaka bali kuisoma herufi kabla mpira haujamfikia. "K!" "M!" Ukidakwa, sawa. Usipodakwa, alikuwa ameutazama mpaka mwisho, na hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Siku ya nne alikuwa anadaka bila kujua kwamba anadaka.

Kuna sababu ya mbinu hii kufanya kazi pale ambapo "fungua vidole" ilishindwa. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kuyumba kulia na kushoto juu ya mashine inayoiga mchezo wa skii. Waliotakiwa kuelekeza mawazo kwenye magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko waliotakiwa kufikiria miguu yao. Mtu anayeukagua mwili wake kiungo kwa kiungo anauingilia kazini. Mama alilielewa hilo haraka, kwa sababu ya cherehani.

Cherehani ya kukanyaga ina ukatili wake kwa anayeanza. Gurudumu linarudi nyuma badala ya kwenda mbele, uzi unakatika, miguu inasimama mikono inapokwenda. Kwa wiki nzima fundi aliyemfundisha alimpa karatasi zenye mistari, azishone bila uzi. Wakati huo asingeweza kuitikia hata salamu. Kichwa chote kilikuwa miguuni. Baadaye makosa yakapungua, akaanza kuyajua mwenyewe kabla ya kuambiwa. Leo anashona kola huku akimsikiliza mteja, akimkemea mtoto, akijua kilichoungua jikoni. Paul Fitts na Michael Posner waliandika mwaka 1967 juu ya hatua hizo tatu: ya kufikiri kila kitu, ya kurekebisha, na ya mwili kujiendesha. Mama hakuwahi kuwasikia, ila amezipita zote tatu. Asingemtegemea mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza ashone suti ya harusi. Mwanawe alikuwa wiki ya kwanza.

Shuleni nako mambo yalibadilika, si kwa kasi. Mwalimu alipokuwa na mipira arobaini ya kitambaa aliweza kuwapa watoto kazi wote kwa pamoja, wawili wawili. Akarudisha pia aina ya kipindi alichofundishwa chuoni miaka mingi nyuma, kinachojengwa juu ya maswali manne: mwili unafanya nini, unakwenda wapi, kwa namna gani, na pamoja na nani au nini. Mtazamo huo chimbuko lake ni Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi aliyezaliwa mwaka 1879 katika mji ambao leo unaitwa Bratislava, akahamia Uingereza mwaka 1938 na kufariki mwaka 1958. Laban aliwachunguza wacheza dansi, na baadaye hata wafanyakazi wa viwandani, na walimu wa elimu ya viungo wakaona maswali yake yanafaa darasani.

Maswali hayo yanasikika kama nadharia mpaka uone yanachofanya. Mwalimu anasema: rukeni. Wote wanaruka. Rukeni mtue bila kusikika. Rukeni kwa mguu mmoja mkifuata njia ya kona kona. Rukeni mkiwa wadogo kama sungura, kisha warefu kama mnara. Rukeni wawili, mtue pamoja. Kitendo ni kimoja, lakini sasa kuna kazi nyingi, na si zote zinazompendelea mwenye mbio. Mshambuliaji hodari wa darasa alitua kama gunia la mkaa. Mtoto wa fundi cherehani, mwepesi, alitua kama paka aliyetoka dirishani.

"Hebu rudia, wenzako waone," mwalimu alisema.

Kutua bila sauti ni kukunja magoti na kuupokea uzito taratibu, na ndiko kunakoyaokoa magoti na vifundo vya miguu. Mwalimu hakuyataja magoti. Alitaja sauti tu. Watoto sabini na watatu walimtazama mmoja, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakimcheka. Yapo mambo ambayo hata vikombe vya UMITASHUMTA havimpi mtoto.

Nyumbani baba alikuwa bado na wazo lake: Jumapili saa mbili nzima, kazi iishe. Mama alitaka robo saa kila siku. Katika hili utafiti uko upande wa mama. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliandika juu ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kutumia kibodi. Waliofundishwa saa moja tu kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kuliko waliofundishwa saa nne kwa siku. Kinachochekesha ni kwamba hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, waliona wanacheleweshwa. Kujifunza vizuri na kujiona unajifunza vizuri ni vitu viwili, na mara nyingi havipandi basi moja.

Hilo lilionekana zaidi mama alipoanza kuchanganya. Mpira mmoja wa juu, mmoja wa kudunda, mmoja wa kushoto, kisha mtoto arushe yeye, alenge ndoo, tena adake. Jioni ya kwanza alidondosha zaidi ya nusu. Baba, aliyekuwa akipangusa kioo cha bajaji, alitikisa kichwa. Alikuwa amemfikisha mara nane kati ya kumi, na sasa kazi yake inabomolewa.

John Shea na Robyn Morgan waliliona jambo hilo mwaka 1979. Waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya kuangusha vibao vidogo kwa mkono. Kundi moja lilimaliza mfuatano mmoja kabla ya kwenda mwingine, jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walikuwa wazito, wakionekana wamepotea. Walipopimwa siku kumi baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill walipata jambo kama hilo kwa wanaojifunza kuanzisha mpira wa vinyoya. Akili inayolazimika kuanza upya kila mara inafanya kazi ngumu, na kinachotafutwa kwa shida hakisahauliki upesi.

Ila si dawa ya kunywesha kila mtu siku ya kwanza. Mtoto ambaye hajadaka hata mara moja akichanganyiwa atakata tamaa tu. Ndiyo maana shifoni ilitangulia, na herufi zikafuata, na kuchanganya kukaja baada ya hapo. Ni kama pilipili, huanza na ncha.

Kwa baba mwalimu alituma ujumbe mmoja: "Mwambie ahesabu mpaka tano kimoyomoyo kabla hajasema." Mwaka 1990 Carolee Winstein na Schmidt walionyesha kwamba wanafunzi wazima walioambiwa matokeo yao nusu ya mara walikumbuka vizuri, kesho yake, kuliko walioambiwa kila mara. Anayesahihishwa kila dakika anaacha kujisikiliza. Siku msahihishaji hayupo, anabaki hana pa kushika. Kwa watoto jambo hili lina kikomo. Utafiti wa mwaka 2008 uliowalinganisha na watu wazima ulikuta kwamba watoto wanahitaji kuambiwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kumwachia mtoto kimya kizima si sawa. Baba hakukosea kusema. Alikuwa akisema mapema mno, vitu vinne kwa pamoja, na kwa sauti iliyosikika bombani.

Kuhesabu mpaka tano kulimtesa kuliko foleni ya Buguruni. Lakini katika ukimya ule mtoto alianza kusema mwenyewe. "Huo nilichelewa." "Huo niliwahi mkono." Na siku moja, baada ya kurusha: "Baba, nimetanguliza mguu usio wake." Alikuwa sahihi. Mtoto anayeanza kurusha kwa mkono wa kulia mara nyingi hutanguliza mguu wa kulia, au hakanyagi hatua yoyote; kiuno hakizunguki, nguvu inatoka begani tu. Monica Wild aliziandika hatua hizi mwaka 1938, baada ya kuwatazama watoto wa miaka 2 hadi 12 wakirusha. Kutanguliza mguu wa upande wa pili huja baadaye. Beki wa zamani wa timu ya kata alikuwa ametumia mguu huo maisha yake yote na hakuwahi kuutolea neno.

Kitu kimoja kinasikitisha katika habari hii yote. Vitambaa, herufi, kuchanganya, vyote vimelazimika kutengenezwa kwa mikono ili kuziba nafasi ya kitu kilichokuwa bure mitaani. Tazama mdako. Mtoto anachimba kishimo, anajaza kokoto, anarusha moja juu, anazoa nyingine, anadaka ile ya juu kabla haijagusa ardhi, kisha anarudisha zote isipokuwa moja. Kila mrusho una urefu wake kwa sababu kila zamu ina idadi yake ya kokoto. Hakuna mtaalamu wa maabara aliyebuni zoezi bora kuliko hilo la kuunganisha jicho na mkono. Kombolela inamfundisha mtoto kukimbia akipinda, kujikunja, kunyata, kusimama ghafla. Kuruka kamba kunampa mdundo.

Na rede. Wawili wanasimama kila upande na mpira wa soksi, aliye katikati anakwepa. Katika mitaa mingine anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Wanaorusha wanalenga kitu kinachotembea. Anayekwepa anasoma bega la mrushaji kabla mpira haujatoka. Mpira ni laini, hauumizi. Aliyetolewa anangoja kidogo tu, anarudi. Ukitaka kujua kwa nini wasichana wengi wa uswahilini hurusha na kukwepa vizuri, jibu liko pale.

Lakini rede huitwa mchezo wa wasichana, na wavulana hufukuzwa huko kwa kejeli mapema sana, wakaachwa na kandanda peke yake, ambako mikono haitakiwi. Huu ni ujinga wa gharama. Viwanja vya wazi vimejengwa fremu za maduka, magari yamejaa vichochoroni, jioni watoto wako ndani na simu. Halafu hata mchezo uliobaki tunaugawa kwa jinsia.

Alhamisi mtoto huyo hajawa nyota. Timu zikipangwa sasa huchukuliwa wa tatu au wa nne kutoka mwisho, na wapo wanaomwita Uchochoro bado, ingawa jina limepungua makali. Mguu wake wa kupiga bado unachapa hewa mara kwa mara.

Likizo ya Juni wasichana wa nyumba ya pili walipungukiwa mtu mmoja, wakamwita. Alisita, akatazama kama kuna mvulana anayemwona, akaingia kati. Bajaji ya baba yake ilikata kona wakati huo, na jirani aliyekuwa amekaa barazani akapaza sauti: "Baba, mwanao anacheza rede na wasichana, umemwona?"

Baba alizima injini. Mpira ulitoka upande wa duka, mtoto akainama, ukapita juu ya mgongo. Ukarudi chini chini, akaruka, akatua bila kusikika. Abiria nyuma alikohoa, akauliza kama wanaendelea na safari.

"Dakika moja, kaka," baba alisema. "Hajatolewa."